Antena Iliyochoma Maini

Mdogo wangu Saidi,

Salamu kutoka Mengo, Kampala, ambako mvua haikosi na matoke nimeshiba mpaka kooni.

Ulinicheka kubeba kopo la transista safarini. Sasa sikiliza. Jana aliingia askari kwa mwenyeji wangu na redio kol yake, jasho linamtoka. "Fundi, hii kitu nakufa. Saa kumi mkubwa naita. Kama mimi hapana jibu, mimi kwisha." Sikumuuliza maana ya kwisha, huku hakuna anayeuliza.

Nikaifungua. Transista ya kurushia sauti imeungua. Nikamuuliza antena iko wapi. Akainamisha kichwa: aliichomoa achomee nyama, kisha akabonyeza akaongea bila antena! Nguvu ikakosa pa kutokea, ikaunguza transista. Madukani spea hakuna, na transista ya redio ya nyumbani haiwezi kasi ya mawimbi yale. Kopo langu likatoa moja tu, ya silikoni, niliyoing'oa kwenye simu ya upepo iliyokufa.

Nilipokuwa nikiichomelea, akakimbia kuleta antena, bado ina vipande vya maini. Tukavila tukisubiri. Saa kumi sauti ya mkubwa wake ikauliza, "Uko wapi?"

"Iko kazini, afande!" akajibu, ini mdomoni.

Nimempa spoki mbili za baiskeli, zile ndizo za kuchomea nyama.

Mengine nitakueleza kwa mdomo, maana kadi ya posta kama hii husomwa na wengi. Nibusie mama mkono, na makopo yangu yaliyobaki usiyaguse.

Kaka yako akupendaye,
Hamisi