Gari Yenye Kumukataa Mama Furaha

Jumamosi, Ngezi, mutaa wetu hapa Bunia. Tangu asubuhi mvua inakohoa tu juu ya mabati, hainyeshi. Nimekaa barazani na chai iliyokwisha kupoa, nimejaa dharau mpaka kwenye kope. Ninadharau mafundi. Ninamudharau kaka yangu mukubwa. Ninaidharau gari yangu, na yule bwana wa miaka hamsini na kitu mwenye kuiendesha, naye simusahau.

Niseme kwanza juu ya gari, kwa mwenye kupita hapa mara ya kwanza. Ni ya Kijapani, umri wake na wa binti yetu Furaha, ambaye amekwisha kuolewa, ni mmoja. Ilizaliwa nyeupe, sasa iko rangi ya chai ya maziwa. Iliingia kutoka Uganda, kwa hiyo usukani uko kuume, na mke wangu, Mama Furaha, anakaa kushoto, pale ambapo gari zingine za Bunia zinaweka dereva. Vijana wa moto, zile pikipiki za kubeba watu, wakitupita walikuwa wanamusalimia yeye kama ndiye anaendesha, naye anawajibu kwa kichwa, kama mutu mwenye kazi nyingi. Alipenda ile.

Ugonjwa wa gari ni huu: siku zingine inakataa kuwaka. Ingekuwa kila siku, tungejua. Wiki nzima inawaka kama kiberiti, kisha siku moja unazungusha ufunguo, taa za mbele ya usukani zinawaka zote, redio inaimba, lakini moteri, injini yenyewe, kimya. Ukiisukuma kwenye muteremuko inashika mara moja, na kila aliyeweka mukono anakuwa profeseri.

Nimejifunza kuegesha kwenye muteremuko tu. Marafiki wenye nyumba kwenye tambarare nimewapoteza.

Fundi wangu anaitwa Bahati, anafanya kazi kando ya barabara, si mbali na soko. Mara ya kwanza alifungua mulango wa kushoto, akapiga magoti pale chini, kwa sababu sanduku la fusible, zile fyuzi za umeme, liko upande ule. Akazitosha moja moja, akazipuliza kama mutu anayepoza uji, akazirudisha. Gari ikawaka. Akasema fusible zilikuwa na vumbi, lakini ugonjwa wenyewe ni bateri. Nikanunua bateri. Mara ya pili akapiga magoti tena, akapuliza tena, gari ikawaka tena. Safari hii ugonjwa ulikuwa démarreur, ile moteri ndogo yenye kuamsha ile kubwa. Nikanunua démarreur. Sijaona munganga kama huyu: anaponya kwanza, kisha anatafuta ugonjwa.

Na mimi nililipa huku ninatikisa kichwa kama mwenye kuelewa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Miezi miwili iliyopita, Jumapili, tulitoka misa. Mama Furaha mbele, mimi kwenye usukani, na nyuma yaya Anselme. Yaya, siye tunamwita hivyo mukubwa wetu. Yeye ni kaka yangu wa kwanza na ndiye anayeongoza kikundi cha maombi. Nikazungusha ufunguo. Kimya. Kiwanja chote cha kanisa kikageuka kutuangalia. Yaya akainama mbele, akasema kwa ile sauti yake isiyohitaji kipaza sauti:

"Mama Furaha, shuka kidogo. Tuone."

Akashuka. Nikazungusha ufunguo. Gari ikawaka.

Yaya akatoka, akainua mikono, akawaambia watu kwamba wameona wenyewe. Akaanza kuhesabu: siku ya soko ilikataa, nani alikuwa ndani? Siku ya matanga ya jirani ilikataa, nani alikuwa ndani? Akasema kuna watu wanaobeba mukosi bila kujua, na si kosa lao, tuwaombee. Kilichoniumiza ni kwamba hesabu yake ilikuwa ya kweli. Nikiwa peke yangu, gari haikuwahi kunikataa.

Mama Furaha alisimamisha moto, akapanda, akaenda. Mimi nilirudi nyumbani na yaya, gari ikinguruma vizuri kama paka aliyeiba nyama. Sikufungua kinywa.

Tangu siku ile hapandi gari yangu. Anaenda soko kwa moto, misa kwa moto, mvua ikinyesha anajifunika sashe, mufuko wa plastiki. Na ile neno haikubaki kwenye gari. Wenzake wa kikundi cha akina mama walianza kumwachia nafasi kubwa kwenye benchi. Mwezi uliopita mmoja wao, mwenye mutoto muchanga, alimuomba kwa adabu nyingi asimubebe. Aliponisimulia alikuwa anakunja nguo. Alikunja shati moja mara tatu.

Leo asubuhi gari ilikuwa inawaka bila shida, kwa hiyo nikaipeleka kwa Bahati, maana nilitaka mara moja aikute muzima, aisikilize. Akaiangalia, akasema hajaona kitu, labda ugonjwa uko kwenye mukono wangu. Akaomba aiendeshe mwenyewe. Basi nikazunguka, nikaingia kushoto.

Ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kukaa pale. Miaka yote hii ninamupandisha mutu kwenye kiti ambacho makalio yangu hayakijui. Kiti kimezama, unakaa kama uko ndani ya beseni, na ili ujiinue unasukuma kwa miguu. Nilijisukuma njia nzima.

Tulisimama kwa muuza mafuta. Bahati akazima moteri, akaweka litre mbili, akazungusha ufunguo. Kimya.

Nikaangalia ndani ya gari. Mimi na Bahati. Leo mukosi ulikuwa na ndevu.

Bahati hakushituka. Akazunguka, akaniambia nisogeze miguu, akapiga magoti, akapuliza fusible zake. Gari ikawaka. Akasema, "Unaona, papa? Nilikuambia." Akarudi kwenye usukani na uso wa askofu. Mimi nikajisukuma tena kujiinua kwenye lile beseni, na chini ya kisigino nikasikia kitu kidogo kikizama, chini ya tapi, zulia lile la miguuni. Nikamwambia Bahati azime, awashe tena. Kimya. Nikakanyaga palepale. Awashe. Ikawaka. Nikakanyaga. Azime, awashe. Kimya. Tulifanya hivyo mpaka muuza mafuta akatuomba tukawe wazimu mbele kidogo.

Tukainua tapi. Kifungo cheusi, ukubwa wa kifuniko cha chupa, na waya mbili zinazopanda nyuma ya sanduku la fusible.

Bahati akakiangalia bila haya hata moja. "Aa, hiyo ni ya wezi, papa. Gari mingi ya kule Uganda iko nayo."

Mwenye gari wa kwanza alikificha pale ili mwizi asiweze kuiwasha. Ukikanyaga mara moja, umeme wa démarreur unakatika. Ukikanyaga tena, unarudi. Moteri ikiwa inazunguka haijali. Nikamuuliza Bahati kama alijua vitu hivi vipo. Akasema anajua, ila sikumuuliza.

Kwa hiyo haikuwa akili yake iliyoponya gari yangu. Lilikuwa goti lake.

Na siku ile kanisani, yaya alipomwambia mke wangu ashuke, alijisukuma kwa mguu ili atoke kwenye lile beseni, akakikanyaga. Ndiyo miujiza yote.

Nikarudi nyumbani mbio. Mama Furaha alikuwa anachambua maharagi. Nikamweleza kwa urefu, waya, bateri, wezi wa Uganda, mpaka akaweka sinia chini akaniambia hapana kusema mingi, nimuonyeshe. Akaingia kushoto, mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Akaweka mguu. Nikazungusha: kimya. Akakanyaga. Nikazungusha: ikawaka. Akafanya tena, polepole, kama mutu anayeonja chumvi. Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Basi sikuwa na kitu," akasema.

"Haukuwa na kitu."

"Na weye ulikuwa unajua sina kitu?"

Ukweli ninauandika hapa kwa sababu pale nilishindwa kuusema.

Kuna asubuhi zingine sikuwa ninajua.

Aliona. Huyu mwanamke amenisoma miaka mingi. Nikakimbilia kusema kwamba Bahati atakuja Jumatatu kutosha kile kifungo, akiondoe kabisa. Akasema hapana, kibaki kwanza. Kesho nikamupitie yaya, nimupeleke misa, na tukitoka nimuweke mbele, kushoto. Yeye, Mama Furaha, atasimama inje, mbele ya batu bote. Gari ikikataa, atamuomba yaya ashuke kidogo, tuone.

Nikauliza, na kama yaya asipokikanyaga? Akasema yaya hajawahi kukaa mahali bila kukanyaga kitu.

"Kisha?" nikauliza.

"Kisha weye ndiyo utafungua kinywa. Utainua ile tapi, utaonyesha kila mutu. Mpaka yule mama wa mutoto."

Nikamukumbusha kwamba Anselme ni mukubwa wangu, na kumufanya hivyo kwenye kiwanja cha kanisa si jambo dogo.

"Na miye ni nani yako?"

Akarudi kwenye maharagi yake.

Nimekaa na swali lile tangu saa sita mpaka sasa, jua linateremka. Nimejaribu kumudharau yaya vya kutosha ili jambo liwe jepesi. Ninamudharau, ndiyo, lakini yeye alisema upuuzi anaouamini. Mimi mwanzo sikuuamini, nikanyamaza, nao upuuzi ukakaa ndani yangu mpaka ukaota mizizi. Kati ya sisi wawili sijui nani fundi mubaya zaidi.

Dakika hizi nimemupigia simu. Nimemwambia kesho nitamupitia mapema, na wakati wa kurudi atakaa mbele.

Amefurahi sana. Amesema hatimaye nimeanza kujua nafasi ya mukubwa iko wapi.

Nimeitikia, "Ndiyo, yaya." Kesho nitamwonyesha ilipo, mbele ya wote, na sauti yangu ikitetemeka, itetemeke.