Sikio la Kulia ni la Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Mashuka mia tatu na ushei ya hospitali tumeyapiga pasi kabla ya chai. Mvuke umetupika. Miguu imevimba hadi viatu vinaniuliza maswali.

Lakini Jumatatu ni siku ya kaka, kwa hiyo sikunung'unika sana. Ujumbe wake wa sauti uliingia jana kwenye simu yangu, maana ya wifi ni ile ya vitufe, haina lolote zaidi ya kupiga na kupokea. Wifi hataki tuusikilize nyumbani. Anasema nyumbani utaisha mara moja, kazini utatusukumia wiki nzima. Haya.

Hedifoni ni moja, ya waya. Masikio ni manne. Tumegawana tangu kaka aende kutafuta kazi mbali, mwaka wa pili sasa: sikio la kulia la wifi, la kushoto langu, simu mfukoni mwa aproni yangu, waya umepita chini ya vitambaa vya kichwa. Tunasimama bega kwa bega mbele ya rola ya pasi, yeye kushoto, mimi kulia, kila mmoja na pembe yake ya shuka. Mmoja akitaka kwenda chooni lazima achomoe. Wale wa kufua wanatuita Pacha wa Waya.

Kaka kasema baridi ya huko ghalani inamla vidole. Kasema wifi asijichoshe. Wifi kacheka, eti kaka yako anaongea kama bosi, nimesimama saa kumi nzima yeye ananiambia nisijichoshe! Tukaurudia mara tatu.

Firimbi — msimamizi wetu, haongei, anapuliza — alipita akauona waya. Akatazama dari. Mtu mwema, akiamua.

Jozi nyingine zinahesabu kwa sauti: moja, mbili, achia! Ndivyo tulivyofundishwa. Sisi tuliacha zamani, tungemfunika kaka. Natikisa kichwa tu, tunaachia pamoja, shuka linaingia kwenye rola limenyooka kama karatasi. Najisifu, lakini ni kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Kaka katuma mapema. Jumbe mbili, moja juu ya nyingine. Chini kaandika: ya kwanza yenu wote, ya pili yako peke yako.

Nilikuwa nasubiri zamu ya bafu. Nikaingia, nikafunga komeo, nikaweka masikio yote mawili. Siku nyingi sijasikia kwa masikio yote mawili. Sauti ilikaa katikati ya kichwa, kama yumo ndani.

Ya kwanza salamu. Ya pili — ana mwanamke. Si wa juzi, mwaka mzima. Ana mimba ya miezi saba. Harudi. Ananiomba nimwambie wifi mimi, taratibu, ninyi wanawake mnaelewana. Akalia kidogo. Akapenga kamasi. Halafu akaniuliza kama goti langu limepona!

Nilikaa humo mpaka jirani akagonga mlango.

Wifi alikuwa anakuna sufuria. Kaniuliza, kaka yako kimya leo? Nikasema kimya.

Jumamosi, 8 Machi

Sijamwambia.

Jumapili, 9 Machi

Nilimkuta anapiga brashi koti la kaka. Hulipiga brashi kila Jumapili, halafu hulirudisha kwenye msumari nyuma ya mlango. Kasema akirudi atakuwa amenenepa, halitamtosha, itabidi tumfungie nalo kamba. Akacheka peke yake. Nikaenda nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Wacha niandike ukweli, hapa hasomi mtu. Namwonea huruma, ndiyo. Ana miaka thelathini na nane na mtoto wamemwahirisha mpaka kaka arudi. Lakini huruma ni nusu tu. Nusu nyingine ni mimi. Nilipoachwa na mume wangu nilikuja hapa na begi moja, na aliyenifungulia mlango ni wifi. Kaka alisimama nyuma yake akiuliza nitakaa siku ngapi. Wifi akijua, ataondoka. Kwa nini abaki kwa ndugu wa mtu kama yule? Nami nitabaki na koti.

Mbona siufuti huo ujumbe? Nikiufuta nitakuwa nimemsaidia kaka kuficha. Nisipoufuta, ninauficha mimi. Mjinga ni mjinga tu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia hajatuma. Nimemwambia na hedifoni nimeisahau nyumbani. Ilikuwa mfukoni, inanichoma paja.

Ikabidi tuhesabu kwa sauti kama wengine. Moja, mbili, achia! Moja, mbili, achia! Koo limekauka. Mashuka yaliingia vizuri, siwezi kusema uongo na hapo.

Jioni wifi alilia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Anasema hajakosa hata wiki moja, huyu anaumwa au amekufa na watu wanatuficha. Watu wanatuficha! Nilimfuta uso kwa taulo ya hoteli. Ningeweza kumwambia pale pale. Nikamwambia ni mtandao.

Jumanne, 11 Machi

Hali chakula. Kesho nitamsikilizisha ile ya kwanza, ya salamu. Dakika mbili na sekunde chache. Simu hii ikimaliza ujumbe mmoja inaingia wa pili yenyewe, haiombi ruhusa. Lakini naujua mwisho wa ule wa kwanza, anasema haya basi, mbaki salama. Akisema haya basi, nabonyeza. Rahisi.

Jumatano, 12 Machi

Mkono wa wifi.

Alhamisi, 13 Machi

Nijikaze kisabuni niandike, vinginevyo nitakuja kujidanganya baadaye.

Nilimwambia ujumbe umeingia. Alifurahi mpaka akanifinya. Akaweka sikio lake, akavuta kitambaa juu. Kaka akaanza salamu. Wifi akawa anamjibu kwa mdomo bila sauti, ndivyo anavyofanya siku zote. Nikatia mkono mmoja mfukoni, nikawa tayari.

Kikaletwa kitoroli kipya. Shuka la kwanza lilikuwa limeviringana, likahitaji mikono miwili. Nikatoa mkono mfukoni. Tukalikung'uta, tukalinyoosha, tukaliweka mdomoni mwa rola. Kaka akasema haya basi, mbaki salama. Mikono yangu imejaa shuka. Kukawa kimya kidogo, kisha nikasikia: mdogo wangu, hii ni yako peke yako.

Wifi akanigeukia, anatabasamu. Alidhani ni utani.

Kaka akaendelea. Nilikuwa nimekufa ganzi. Nilipozinduka niliachia. Sikutikisa kichwa, sikuhesabu, niliachia tu pembe yangu nikaparamia mfuko wa aproni. Shuka likaenda upande. Wifi ni fundi, hawezi kuona shuka linakunjamana akaliacha. Akapeleka mkono wa kulia kulinyoosha.

Upau mwekundu wa kusimamishia mashine uko upande wangu. Mkono wangu ulikuwa kwenye simu. Nilikuwa nabonyeza simu! Aliyeugonga upau ni Firimbi, alikimbia kutoka mwisho wa ukumbi.

Sikumsikia wifi akipiga kelele. Wengine wanasema alipiga. Waya ulikuwa umekatika nusu upande wake, sikio lake la hedifoni linaning'inia kwenye aproni yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Vidole viwili vimeondolewa, cha shahada na cha kati. Kiganja kimeungua mpaka kwenye kifundo. Pete yake iko mkono wa kushoto. Haikupata hata mkwaruzo.

Kalazwa kwenye mashuka yetu. Niliijua mihuri.

Firimbi alikuja na karatasi ya ripoti. Alikaa ukingoni mwa kiti, kwa mara ya kwanza nikamsikia akiongea sentensi nzima. Kauliza hedifoni ilikuwa ya nani. Nilifungua mdomo. Wifi akawahi, akasema yangu, mkuu, nilikuwa nasikiliza peke yangu, huyu alinikataza. Firimbi akanitazama. Anajua. Ametuona na ule waya mwaka wa pili sasa. Akaandika alivyoambiwa.

Nami nikakaa kimya! Nilishika ukingo wa kitanda nikamwacha mwenye mkono uliokatwa vidole abebe na kosa langu. Najichukia, sina neno lingine.

Hakuuliza kitu kuhusu kaka. Aliniomba maji tu.

Jumatatu, 17 Machi

Tangazo limebandikwa ukutani: hakuna simu, hakuna hedifoni. Nimepewa mwenzangu mpya, mama mmoja wa kitengo cha taulo, anahesabu kama anaita watu waliopotea. MOJA! MBILI! Kila akisema achia mwili wangu unashtuka. Bila sauti sikioni nimegundua rola inavyolia. Inalia kama mtu anayesaga meno. Miaka yote sikuwahi kuisikia.

Kaka kaandika: umeshamwambia? Nikamjibu mkeo kaungua mkono, kakatwa vidole, mpigie mwenyewe. Baada ya saa nzima: pole sana, basi usimwambie kwanza.

Nilicheka kwa sauti kwenye kituo cha basi. Watu wakasogea.

Jumatano, 19 Machi

Wifi karudi nyumbani tangu asubuhi. Nimeomba ruhusa ya siku moja. Nimemsuka nywele, nimemkatia mkate vipande vidogo. Kanitania eti sasa nimepata mtoto wa kulea, ndiye yeye, ananyonya na kulia. Nikamwambia mtoto gani ana ndevu kidevuni. Tulicheka, kidogo tu, nikadhani labda itapita. Labda hakusikia. Rola ina kelele, sikio lenyewe moja...

Saa tisa hivi akasema, wifi, niletee hedifoni.

Nikasema ilikatika, Firimbi kaichukua. Akasema hapana, umeiunga kwa utepe wa gundi, nimeiona juu ya kabati. Akasema nataka ule ujumbe.

Upi?

Akanitazama vile vile anavyotazama shuka kabla ya kuliweka. Akasema ule wa siku ile. Nilisikia mpaka aliposema miezi saba. Halafu ukaachia.

Alijua! Alijua kitandani pale, mkono umefungwa kama kichwa cha mtoto, akamwambia Firimbi ya kwangu, huyu alinikataza. Siku saba amejua na ananiomba maji. Nilitaka kupiga magoti. Nilitaka anitukane. Akasema tu, sikusikia anavyomalizia. Pengine mwishoni alisema atakuja.

Mwishoni anauliza goti langu.

Nimeingia huku chumba cha pili, nimemwambia waya umejifunga fundo, naufungua. Haujajifunga. Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati, hedifoni ninayo mkononi, upande wake bado unaongea, nimeujaribu. Koti la kaka liko nyuma ya mlango hapa, nimeligeuzia mgongo. Ningeweza kuufuta sasa hivi, vidole vyangu ni vizima vyote. Nimeufungua. Nimeutazama. Sikuufuta.

Ananiita tena. Anauliza fundo gani hilo lisiloisha. Namwona kwenye ufa wa mlango, kakaa wima kitandani, kwa mkono mzima kasogeza kitambaa nyuma ya sikio la kulia. Upande wake wa kulia amebakiza nafasi ya mtu mmoja.

Anasema nije niweke na langu, kama siku zote. Anasema safari hii atahesabu yeye.