Nekesa Alikosa Maswali Yote

Mau Narok,
Nakuru.

Kwako Mama,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu mlipokuwa mnapalilia mpaka sasa mnavuna. Najua umeuliza watu habari zangu, na umesema baridi ya huku imenigandisha mdomo. Si baridi. Kila nikishika kalamu nakosa pa kuanzia, naiweka. Kwa simu singeweza, maana simu ni ya kaka, na akiipokea nyumba nzima inasikiliza. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kupaka ilisaidia? Ng'ombe alizaa salama? Nanjala mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole.

Sisi tuko hai. Mimi bado niko kwa kibarua cha viazi. Vidole vimepasuka, na jioni nikiosha vyombo machozi yanatoka yenyewe. Baba ya watoto alienda Mombasa kutafuta kazi akanyamaza, na mimi hayo nimeyaacha. Nekesa amefika miaka tisa. Wafula ametimiza mitano, shingo imeanza kukaza kidogo, lakini kutembea bado, kusema bado. Kusema kwake ni kwa vidole. Anakushika hapa, anakufinya pale, na anayejua maana yake ni dada yake peke yake. Mchana nikiwa shambani jirani yangu Mama Chebet anakaa naye, na Nekesa akitoka darasani saa ya chakula anakimbia nyumbani kuuliza ndugu yake anataka nini.

Sasa sikiliza. Walikuja wageni shuleni kwao kupima watoto akili, kile kipimo wanaita IQ. Hawaulizi mambo ya vitabu. Wanakupa picha yenye pengo, na chini yake vipande sita, uchague kinachoziba. Waliwakalisha watoto kutoka asubuhi mpaka jioni bila kutoka. Siku hiyo mvua ilinyesha hatukuchimba, basi mimi ndiye nilibaki na Wafula. Mama, mtoto alicheka! Alicheka kwa sauti ya juu, na mimi nikacheka naye, nikamrusha rusha magotini, nikasema leo mwanangu amefurahi. Nekesa aliporudi alisimama tu mlangoni.

"Mama, hacheki. Hiyo ni tumbo."

Nilimcheka mtoto wangu mchana kutwa akiwa anaumwa. Hilo ndilo limenikalia hapa kifuani.

Baadaye mwalimu mkuu akaniita. Nekesa amewapita wote. Kuna shule Nakuru mjini ina darasa la watoto wenye akili nyingi, wanakaa bweni, hata likizo wanabaki wiki kadhaa wakisoma, na wafadhili wanalipa kila kitu. Lakini lazima apimwe mara ya pili huko huko. Tukaenda, Wafula nikiwa nimemfunga mgongoni.

Yule madam wa kupima aliinama kumsalimia Nekesa. Nekesa hakujibu salamu. Akanyoosha kidole mgongoni mwangu.

"Na huyu mtampima lini?"

"Huyu hapana, mamii. Kipimo hiki ni cha mtoto anayeweza kujibu."

"Anajibu."

"Sawa, labda siku ingine," madam akasema, huku akiniangalia mimi.

Nekesa akaingia bila kugeuka. Nilikaa nje kwa benchi mpaka nikaitwa. Madam alikuwa na karatasi mbele yake na uso siuelewi.

"Mama Nekesa, kaa. Mtoto wako amekosa yote."

Nisikufiche, Mama, moyo wangu ulitulia. Nikasema, "Basi madam, wacha turudi nyumbani. Pengine ile siku alibahatisha."

"Hujanielewa. Kila swali lina majibu sita, moja tu ndilo la kweli. Mtoto asiyejua kitu akichagua ovyo, kuna mahali ataangukia la kweli. Huyu hakuangukia hata moja. Amelikwepa kila mara. Na huwezi kukwepa kitu ambacho hujakiona." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Nenda uongee naye. Niko na kitabu kingine cha maswali."

Nilimkuta karibu na mfereji. Nikamshusha Wafula, akampokea, akaanza kumpangusa mate kwa mkono wa sweta.

"Ulifanya makusudi?"

"Wamesema Wafula hajibu."

"Nimekuuliza wewe."

"Eeh."

"Kwa nini?"

"Nikienda bweni, nani atamsikia?"

"Mimi."

"Wewe?" Hakusema kwa madharau, Mama. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua. "Wewe hata tumbo hulijui."

Ningeweza kumchukua nikaenda nyumbani. Nilitaka hivyo kabisa. Lakini nilimwangalia vile amembeba, bega moja limeshuka kwa uzito, nikaona hivyo ndivyo atakavyosimama akiwa na miaka ishirini, na thelathini, awe mdomo wa ndugu yake na wake usifunguke. Nikamwambia, "Nitajifunza. Utanifundisha. Sasa unaingia humo ndani na unajibu vile unavyojua."

"Na nikikataa?"

"Hukatai. Mimi ni mama yako, na ni mama yake pia. Nipe mtoto."

Aliingia akilia, na akajibu akilia. Madam aliniambia alifanya vizuri kuliko mara ya kwanza. Tukarudi nyumbani. Alimlisha Wafula, akalala naye, akanigeuzia mgongo.

Sasa watu wote wanafurahi isipokuwa nyumba hii. Shuleni walimsimamisha mbele wakampigia makofi. Shambani jina langu limekuwa Mama Profesa. Nyapara juzi alisema, "Mama Profesa, na wewe ukapimwe, mbona gunia lako halijai?" Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka, nikainama tena kwa viazi.

Jioni Nekesa ananikalisha ananifundisha. Ananisamehe pole pole. "Hapana Mama, hiyo ni maji. Ngoja amalize." Mimi nasinzia nikiwa nimekaa, mkono wa mtoto uko ndani ya wangu. Juzi Wafula alinifinya mahali pamoja, akarudia, akarudia tena, na kila mara nikampa kitu sicho. Mwisho akafumba macho. Nekesa akasema, "Amekusamehe." Sijui kama ndivyo alivyosema, ama ni Nekesa alinihurumia.

Usiniambie nimekosea, Mama. Ama niambie, lakini usimwambie Nekesa. Akikupigia mwambie wewe, kukhu wake, bibi yake, umefurahi.

Nisalimie kaka na mke wake, mwambie sweta za watoto zilifika. Nisalimie shangazi wa kando ya kanisa, na baba mdogo, asiache kunywa dawa yake ya presha. Na mama wa maombi, aliyemshika Wafula siku alipozaliwa. Mwambie bado tunaye.

Lori linaloshusha viazi huko kwetu litarudi huku tupu. Dereva anajua boma, atapita. Naomba unitumie blanketi lile zito, Nekesa aende nalo. Sanduku la bati nililoenda nalo shule, kama kutu haijalila, na kufuli yake. Wimbi wa uji, usagwe laini kabisa maana Wafula anapaliwa. Simsim kidogo. Leso mbili nzee za kumfungia. Na Nanjala.

Nanjala, najua umenyamaza hapo. Msomee Mama. Umemaliza shule na bado hujapata kazi, na mimi siwezi kushika jembe na mkono wa mtoto kwa wakati mmoja. Njoo na lori hilo hilo, usingoje lingine. Nekesa anaondoka shule zikifunguliwa, na baada ya hapo hakuna mwalimu. Lete nguo za baridi. Kata kucha kabisa, ngozi ya Wafula ni laini. Na akikufinya usiharakishe kujibu, ngoja amalize.

Ni mimi binti yako,
Naliaka