Hamza Ameziba Njia ya Kiboko

Baba Hamza,

Salamu zetu sisi tulio juu ya mchanga zikufikie huko chini yake, na Mungu akuangazie ulipolala. Leo nakuandikia kwa hasira, na hasira zangu unazijua. Ungekuwepo ungevaa kofia ukaenda Bwiza kunywa chai mpaka zipoe. Sasa huna pa kukimbilia, nisikilize.

Ziwa limepanda. Siyo kama mwaka ule tuliohamia hapa Kajaga, tulipocheka viatu vikielea barazani. Hili linakuja kimya na halirudi. Naamka naona mchanga umepungua, nasema labda ni macho yangu, kesho yake mpera umesimama ndani ya maji. Ile baa ya jirani uliyoilaani kwa muziki wake wa Ijumaa, ukuta umeanguka, limebaki paa. Viti vyake vya plastiki vimeelea mpaka kwetu, na kimoja nimekikalia sasa hivi. Usinicheke.

Unakumbuka kikao cha komite ya ufukwe, kilichofanyika kwetu kwa sababu wewe ulikuwa na kivuli na mimi nilikuwa na sambusa? Mlikubaliana kila mwenye kiwanja, parseli yake iache ukanda wa matete mbele ya ziwa, na mtu asimwage kifusi kwenye maji. Wote wakaitikia, wakala sambusa zangu, wakaenda. Ulipofariki tu, kamyo za kubeba kifusi zikaanza kuja. Yule bwana wa Kiriri anayekuja wikendi na mbwa wake ndiye alitangulia: akajaza mawe na udongo, akapandisha kiwanja, akajenga ukuta. Maji yakasogea kwa jirani yake. Jirani naye akapandisha chake kumpita. Anayefuata hivyo hivyo, mpaka ufukwe mzima ukawa ni watu wanaosukumiana maji, kila mmoja akiomba yatue kwa mwenzake. Hata kule karibu na mto Rusizi unapoingia ziwani, matete wanayakata.

Ukabaki ukanda wetu peke yake. Matete yako, ule mkondo unaoleta maji ya mvua kutoka nyumba za nyuma, na pembeni yake njia ya kiboko, anapopita jioni kwenda kula majani. Ulikataza hata kamba ya kuanikia nguo isipite pale. Ulisema kiboko hahami njia yake, ukimzibia atatafuta nyingine, na hutaichagua wewe. Nilikutania kwamba umeoa mke wa pili, ana tumbo na miguu minne, na hakuulizi umechelewa wapi. Ulicheka mpaka ukakohoa. Juzi nimekikumbuka kikohozi kile nikalia, mtu mzima mimi, mikono imejaa unga.

Sasa mwanao. Hamza ni mtoto mzuri, sitamsema vibaya kwako. Ana watoto, ana woga, kila asubuhi anakwenda kutazama maji kabla hajanywa chai. Aliniambia, "Mama, mi siwezi kungoja ziwa lituzamishe kwa ajili ya matete ya baba. Wote wamefunga. Sisi tu ndio tumeacha mulango wazi." Nikamwambia apana. Akanyamaza, nikadhani amenielewa. Kumbe amerithi kunyamaza kwako: ukinyamaza, umeshaamua.

Wiki jana nilikwenda Bwiza kwenye harusi ya mtoto wa dada. Niliporudi, matete hayapo. Pamekuwa na tuta la mawe na kifusi cha nyumba zilizobomolewa, vigae vya choo cha mtu vinang'aa juu yake. Nilikaa chini na nguo zangu za harusi nikalia kama siku ile waliyokutoa nyumbani kwenda kukuzika.

Jana ikanyesha mvua, ndogo tu. Maji ya mkondo yalifika kwenye tuta, yakasimama, yakageuka, yakaingia kwa Maman Divine, yule mama aliyekimbia mafuriko ya Gatumba akapanga chumba nyuma yetu. Alikuja kuazima ndoo ya kutolea maji chumbani. Hakulalamika, aliuliza tu kama kwetu tumeziba. Nilishindwa kumtazama.

Halafu nikamaliza kuswali magharibi, nikamwona kiboko. Alisimama mbele ya tuta, maji yakimfika tumboni, akanusa. Alikaa pale muda mrefu. Kisha akageuka, akapita kwenye ukuta wa baa ulioanguka, akashika barabara ya nyumba za nyuma. Leo asubuhi nimekuta nyayo zake mlangoni kwa Maman Divine. Zimejaa maji, na Divine, kale katoto kake, kamechuchumaa hapo, kameweka kifuniko cha chupa kielee ndani ya mojawapo.

Nilimwita Hamza nikamwonyesha nyayo, nikamwonyesha mtoto. Akasema kamyo nyingine inakuja kesho, ukuta ukiisha kiboko atazoea.

"Atazoea kupita wapi?" nilimwuliza.

Aliangalia chini, akaondoka.

Basi nimeshapatana na Maman Divine na wanawake wa nyuma. Kesho tukitoka kuswali alfajiri, na wao wa kanisani wakishaomba kwao, tunalitoboa tuta kwa majembe. Najua tukifungua, ziwa linaweza kuingia kwetu, na chumba chetu ndicho cha kwanza. Kitanda chako nimekiinua juu ya matofali. Naogopa, Baba Hamza, sikufichi.

Pumzika, mume wangu. Nakuahidi kamyo ikija itanikuta nimekaa katikati ya njia, kwenye kiti hiki hiki cha baa, na Hamza atachagua mwenyewe pa kumwaga mawe yake.

Naacha hapa. Jua linazama, tuta bado lipo, na Divine bado anacheza nje. Naenda kumwita.

Mkeo,
Mama Hamza