Mlango wa ua wa Bobi

Likasi, Alhamisi

Nimemaliza ua wa Bobi, na ninajichukia.

Tangu tulipomzika mume wangu, huyu mbwa wake huenda kila jioni barabarani, pale pikipiki za kutoka machimbo ya Kambove zinaposhusha wachimbaji, alipokuwa akishuka bwana wake pia. Ananusa miguu ya kila mmoja, kisha anarudi. Jana pikipiki moja ilimgonga. Jirani yangu Mama Odette akaniambia, "Ile imbwa itakufa kule, Mama Kyungu. Uifunge tu."

Basi nikasimamisha miti, nikazungusha mabati ya zamani na waya. Vyote vikaisha kabla ya mlango. Ikabidi nichukue chekecheke kubwa ya marehemu, ile ya kuchekechea mchanga wa shaba, nikaifunga pale.

Pikipiki zilipoanza kusikika, nilingoja alie, aruke, achimbe chini ya mabati. Wapi! Alijilaza mlangoni, akabandika pua kwenye wavu wa ile chekecheke, akavuta pumzi ndefu. Mkia ukaanza kutikisika, polepole.

Anadhani bwana wake amefika.

Pikipiki ziliendelea kupita. Leo nimezisikiliza peke yangu.