Usirushe Baruti Mwambani Kwetu

Mume wangu Hamisi,

Bibi yako wa Tongoni nakusalimu. Shikamoo yako nimejiitikia mwenyewe, maana tangu uhamie Usagara, huko mjini, hujaileta. Mimi sikusoma, anayeandika ni Mwanaidi, binti wa jirani, na nimemkataza kupamba.

Unakumbuka miaka ya foleni, madukani hakuna sabuni wala sukari, sisi tukila kwa mwamba? Maji yakipwa nakushika mkono, kapu ulilobeba kubwa kuliko wewe. Nilikuonyesha mapango ya pweza niliyoonyeshwa na mama yangu, ambayo hata shoga zangu siwaonyeshi. Siku moja ukachungulia pango lililozibwa kwa mawe na makombe. Ndani pweza jike, mayai yananing'inia juu yake kama punje za mpunga. Ukanyoosha kijiti, nikakuchapa mkono.

"Huyu haguswi. Analea."

"Sasa mke wangu, atakula lini?"

"Hali. Anayapulizia maji mpaka watoto watoke, halafu anakufa."

Ukalia wewe! Ukamtoa kaa wako kwenye kapu ukamwekea mlangoni. Jioni tulikula ugali kwa chumvi, nikakucheka: "Mwanamume gani huyu anahonga pweza?" Lakini moyoni nilisema, huyu nimempata.

Sasa ruksa ya biashara imekuja, maduka yamejaa, na nyinyi vijana mnataka vyote leo leo. Bamvua lililopita, maji yalipokupwa sana, nilikuwa mwambani. Nikasikia mshindo wa baruti. Maji yakawa meupe kama tui. Nilipofika, mapango yamekuwa kifusi, na vichangu vidogo vinaelea matumbo nje, hata kuokotwa havikuokotwa. Mashua ikapita. Nilikujua, Hamisi. Nani mwingine anasimama kapinda mguu mmoja kama korongo?

Ukathubutu kuniletea samaki. Nikampasua: uti umevunjika, damu imejaa ndani. Nikakutupia palepale uani.

"Bibi, bahari si ya mtu," ukasema. "Tusiporusha sisi, watarusha wengine."

Hukuniita mke wangu. Ukaondoka, hujarudi mpaka leo.

Mwenzenu mmoja baruti imemkata mkono wa kulia. Nimekwenda kumtazama. Mama yake anamlisha wali, mwanamume mzima, anamfuta hata mdomo. Kila mkono ninaouona njiani, naona wako.

Nimemwendea mwenyekiti, kaniambia, "Bibi, nenda kapumzike." Nimemwendea shehe, kaomba dua nzuri, na jikoni kwake nasikia harufu ya samaki wenu. Sina mlango mwingine wa kubisha ila wako. Rudi, mwanangu. Muhogo upo, nazi zipo, kitandani kwako sijamlaza mtu. Kama nilikosea kukutupia samaki siku ile, nitakutupia tena, lakini rudi na mikono yako miwili.

Ukikataa, sikia na hili. Bamvua lijalo naingia mwambani, na kila maji yakipwa nitakuwa huko, pale kwenye mapango machache yaliyosalia. Yakijaa sitoki. Yafike kiunoni, yafike kifuani, nimesimama. Waambie wenzako wanijue kwa kanga nyekundu. Na wewe, kabla hujawasha utambi, tazama majini.

Ni mimi bibi yako,
mama aliyemzaa mama yako.