Mindimu Yako Mifupi ya Pugu

Baba Nasra, mume wangu,

Mwaka huu, ndimu zilipokwisha kuvunwa, nilichukua mkasi wako wa kupogolea nikaunoa. Nikawa naupangusa kwa spiriti kila nilipohamia mti mwingine, kama ulivyokuwa ukifanya. Masika yalikuwa bado. Ulipenda kukata wakati ule, ili mvua ikija ikute mti uko tayari kuchipua.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Mie nimekalia ndoo, nakucheka: miti yenyewe inanifika kifuani tu, ya nini kuihangaikia?

"Ndiyo maana, Mama Nasra," ukasema. "Ukiiachia inajifunga katikati, jua halipiti."

Ukaanza na matawi makavu, ukaja kwenye yale yanayosuguana. Ulipofika kwenye machipukizi ya chini ya kiungo, pale ndimu ilipounganishwa na shina, nikakushika mkono. "Hayo mbona mazuri, yamenyooka!"

"Hayo si ndimu. Ni ya lile shina tulilopandikizia. Ukiyalea, yataimeza ndimu yote. Ila usizidishe kukata, mti ukibaki uchi jua linaunguza gome."

Ulipolazwa, ulikuwa unaulizia miti kabla ya mtoto. Nilikuwa nakasirika. Siku hizi nadhani habari za mtoto uliogopa kuziuliza.

Basi nilikata vilevile. Mvua ikanyesha, yakachipua majani madogo, yenye mabaka ya manjano, upande huu wa jani tofauti na ule. Nikayakata. Yakaja mengine ya hivyohivyo. Ndimu zikatoka ndogo, zimepinda, chungu. Nikamwita bwana shamba. Akageuza majani mawili matatu, akapasua ndimu moja, akaitazama ndani.

"Mama, huu ugonjwa mkasi hauutibu. Ing'oe yote, isije ikaambukiza ya majirani."

"Hata huu wa mlangoni?"

"Hata huo." Kisha akaangalia mikato yangu. "Lakini umepogolea vizuri. Nani alikufundisha?"

Hapo ndipo nilipolia, mume wangu. Mbele ya mtu nisiyemjua.

Jana tumeing'oa, mie na Nasra. Nilidhani itatushinda, kumbe mizizi ilikuwa imeoza, ikatoka kama mihogo. Tukaichoma. Nasra akauliza tutapanda nini.

"Tufukie mashimo kwanza," nikamjibu.

Akanitazama usoni. Akaenda kuchukua jembe.

Pumzika kwa amani, Baba Nasra. Nilitamani nikuletee habari nyingine, sina.

Mkeo,
Mama Nasra